Tulale wapi milimani, na mlima ukianza kushuka tukimbilie wapi?

Swali: Ninaongoza kundi la watu 12 kwa matembezi ya siku tatu milimani. Njia yetu inapita chini ya jabali refu, inavuka makorongo mawili, na pale wengi wanapozoea kulala ni uwanda mdogo kando ya kijito, jabali likiwa kwa nyuma. Mvua zimeshaanza. Waliopita huko kabla yetu wanasema mawe hayajawahi kumdhuru mtu. Nitatambuaje mahali salama? Na mawe au ardhi ikianza kuporomoka, tukimbilie upande gani?

Jibu: Umeuliza maswali mawili, na hilo la mwisho ndilo watu hulipenda zaidi kwa sababu lina mbio ndani yake. Mimi nitakaa zaidi kwenye la kwanza, na hesabu itakuonyesha kwa nini.

Jiwe likidondoka kutoka mita 20 juu yako linakufikia kwa sekunde 2, likiwa na mwendo wa kilomita 70 hivi kwa saa. Likitoka mita 45 ni sekunde 3, na mwendo umeshapita kilomita 100 kwa saa. Ndani ya sekunde hizo mtu mwenye mzigo mgongoni anashtuka, anainua uso, na muda umekwisha. Tope lenye mawe linaloteremka korongoni nalo hupita kilomita 50 kwa saa bila shida. Mbio zina nafasi yake, nitazifikia, lakini ni karata ya mwisho. Kinachookoa watu wengi ni kutokuwepo pale, na panapolazimu kuwepo, kuwepo kwa dakika chache.

Sasa chukua safari yako. Tuseme mnapita chini ya jabali kwa dakika 4, kisha mnalala chini ya jabali hilohilo kwa saa 8. Usingizi huo umewaweka hatarini mara 120 kuliko yale matembezi. Tena ni usiku, kofia ngumu ziko pembeni, mvua inapiga hema hamsikii kitu, na kila mtu amejifungia ndani ya gunia la kulalia lenye zipu. Kwa hiyo tuanze na hema.

Mawe yaliyo chini ndiyo mashahidi

Hilo la "hayajawahi kumdhuru mtu" huenda ni kweli, na bado halikusaidii. Limekwambia kwamba mawe yaliposhuka hapakuwa na mtu. Kama yameshuka au hayajashuka, uliza mawe yenyewe.

Fika kwenye uwanda mapema, kungali na mwanga, kisha tafuta jiwe lenye ukubwa wa sufuria au zaidi. Lichunguze ngozi yake. Jiwe lililokaa miaka mingi limekwajuka rangi, limeota kuvumwani, yale mabaka makavu ya kijivu, kijani au rangi ya machungwa, na limezama kidogo ardhini, udongo umepanda kingoni mwake. Jiwe jipya lina upande mmoja wenye rangi kali kuliko mawe mengine, kingo zinakata, na pengine kuna unga mweupe palipogongana mwamba kwa mwamba. Inua ukingo wake kama unaweza: majani yaliyo chini yakiwa bado ya kijani au ya manjano, jiwe hilo limefika juzijuzi. Tazama pia upande wake wa juu mlimani. Mara nyingi utakuta shimo kama bakuli pale lilipotua kabla ya kuruka tena, na ukilifuatilia utakuta shimo jingine juu zaidi. Ule umbali kati ya mashimo mawili ndio urefu wa miruko yake.

Kisha miti. Kovu la kugongwa na jiwe huwa upande wa shina unaotazama mlimani. Kovu likiwa kwenye usawa wa kifua, basi mawe hupita hapo kwenye usawa wa kifua. Hayabingiriki taratibu kama watu wanavyofikiria. Ukikuta makovu mapya yanayotoa utomvu pamoja na ya zamani yaliyofunga, mahali hapo panapigwa mara kwa mara. Usijadiliane napo.

Baada ya hapo pima pembe. Chini ya jabali lolote linalomwaga mawe huwa kuna rundo la kifusi lililoegemea ukuta. Mawe mengi huishia kwenye rundo hilo, lakini yale makubwa huvuka ukingo wake wa chini na kwenda mbali zaidi. Watafiti wa maporomoko ya mawe wamepima yanapofika, na hutumia pembe: simama unapotaka kuweka hema, tazama pale rundo la kifusi linapogusa jabali, upande wake wa juu kabisa. Mstari huo ukipanda kwa zaidi ya digrii 28 hivi, uko ndani kabisa ya eneo la mawe. Kati ya 22 na 28 bado unaweza kufikiwa na lile moja lililopania. Chini ya 22, mawe ya kawaida karibu yote hayakufikii.

Simu nyingi zina programu ya pimamaji inayotoa digrii. Chaji ikiisha, nyoosha mkono mbele, kunja ngumi: ngumi moja ni digrii 10 hivi, na kidole kidogo kama digrii 1. Weka ngumi ya kwanza juu ya usawa wa macho, ya pili juu yake, ongeza vidole viwili vidogo: umepata 22. Kama kichwa cha rundo kiko juu ya hapo, beba begi lako usogee. Pasipo na rundo, labda mto umelizoa au msitu umelifunika, pima hadi kilele cha jabali lenyewe na ujiweke chini ya digrii 25. Kwa jabali la mita 100 hiyo ni zaidi ya mita 200 kutoka ukutani. Najua ni mbali. Najua pia kwamba sehemu nzuri zenye kivuli na kinga ya upepo ziko karibu na ukuta.

Katika bonde la Yosemite, Marekani, mawe yaliangukia kambi ya wageni iliyo chini ya jabali Oktoba 2008. Baada ya hapo vibanda vilivyokuwa ndani ya eneo la kufikiwa na mawe vilifungwa moja kwa moja, ingawa watu walikuwa wamelala humo kwa miaka mingi. Kipimo hiki kina mipaka yake, lakini. Kinahusu jiwe moja au machache. Upande mzima wa mlima ukikatika, kifusi hukimbia mbali kuliko pembe hizo, na hata kisipokufikia, upepo wake unaweza. Julai 10, 1996, bonde hilohilo, bamba kubwa la mwamba liliachia jabali na mgandamizo wa hewa pekee ukaangusha miti ipatayo 1,000.

Uwanda wako ulitoka wapi?

Kumbuka una hatari mbili tofauti, na watu wakishakimbia ya kwanza hutumbukia kwenye ya pili. Ukisogea mbali na jabali utajikuta kando ya kijito, na hapo jiulize: ardhi hii tambarare, katikati ya milima iliyosimama wima, imeletwa na nani?

Kama korongo linatoka mlimani na kufunguka kwenye uwanda wako, na uwanda wenyewe una umbo la upepeo uliofunguliwa, mwembamba juu na mpana chini, basi korongo ndilo lililoujenga, tope juu ya tope. Chimba kidogo kwa kisigino au tazama ukingo uliokatwa na maji. Mawe ya mto hupangwa kwa ukubwa na huwa mviringo. Mawe ya tope hukaa shaghalabaghala, kubwa kwa dogo, yenye pembe, yamezungukwa na udongo kama karanga ndani ya kashata. Mara nyingine kuna safu mbili za mawe makubwa zinazoshuka sambamba kama mabega ya barabara: katikati yake ndipo tope lilipopita mara ya mwisho. Tope la namna hiyo lina uzito kama mara mbili ya maji kwa ujazo uleule, ndiyo maana hubeba mawe ya ukubwa wa gari yakiwa yanaelea mbele.

Mahali pa kulala ni mgongo wa ardhi ulioinuka kati ya makorongo, au ngazi ya zamani ya mto, yaani ardhi tambarare iliyoachwa na mto, iliyo juu sana ya maji. Ushauri wangu ni mita 10 wima juu ya kijito, zaidi kama bonde ni jembamba, na kamwe si mbele ya mdomo wa korongo hata kama ni kavu. Korongo kavu ni korongo linalosubiri. Na kama mlima ulio juu yenu uliungua moto katika mwaka mmoja au miwili iliyopita, msilale chini yake mvua ikitarajiwa: udongo ulioungua hukataa maji, na mvua kali ya muda mfupi inatosha. Ndivyo ilivyokuwa Montecito, California, Januari 9, 2018. Moto ulikuwa umepita mwezi uliotangulia, na watu 23 wakapoteza maisha.

Msihesabu miti kama kinga kamili. Mizizi hushikilia tabaka la juu, mita moja au mbili. Mlima ukikatika chini ya hapo, msitu unasafiri juu yake ukiwa umesimama. Mteremko wa Oso, jimbo la Washington, ulikuwa na msitu, na Machi 22, 2014, baada ya wiki za mvua nyingi, ulivuka bonde kwa zaidi ya kilomita moja na kuua watu 43.

Mvua kiasi gani ni nyingi?

Hapa ndipo viongozi wengi hukisia tu. Maji yanapojaza nafasi kati ya chembe za udongo, huzisukuma zisigusane sawasawa, na msuguano ulioshikilia mteremko unapungua. Uzito wa maji nao unaongezeka. Kwa hiyo mteremko ule uliokubeba jana unaweza usikubebe leo, na kwa macho umebaki vilevile.

Mwaka 1980 Nel Caine, mtafiti wa sura ya nchi, alikusanya kumbukumbu za maporomoko ya udongo yasiyo ya kina kirefu kutoka sehemu nyingi za dunia akachora mstari wa chini: mvua gani imewahi kuyaanzisha. Kwa mstari huo, milimita 15 hivi ndani ya saa moja zinatosha. Kwa saa 6 ni kama 44. Kwa saa 24 ni kama 100. Milima inatofautiana, na kufika hapo hakumaanishi lazima ishuke. Kunamaanisha umeingia kwenye eneo ambalo imewahi kushuka.

Kupima ni rahisi kuliko mnavyodhani. Chukua kikombe au sufuria yenye kuta zilizosimama wima, isiyotanuka juu, iweke mahali pa wazi mbali na hema na matawi, ikiegemezwa kwa mawe isipinduke. Ingiza rula: kina cha maji kwa milimita ndicho kipimo cha mvua. Mwaga, andika saa, rudisha. Mtu mwenye zamu ya usiku aangalie kila saa. Ikifika 15 kwa saa moja na mko chini ya mteremko au karibu na korongo, amsha watu wahamie juu ya mgongo wa ardhi mliouchagua mchana. Msisubiri kupambazuke.

Na mvua ikikatika msishangilie. Maporomoko ya juujuu hutokea mvua ikiwa kali au muda mfupi baadaye, lakini maji yanayozama chini huchukua siku, hata wiki, kufika kwenye tabaka la kina. Siku ya jua baada ya wiki ya mvua haijawa salama bado.

Ishara za mteremko unaojiandaa

Ardhi nyingi hutoa ishara kabla. Tatizo ni kwamba ziko juu, na watu wanatembea chini. Mkipita juu ya mteremko tafuteni nyufa zenye umbo la mwezi mwandamo, pembe zake zikielekea chini, hasa kama upande wa chini wa ufa umeshuka hata kwa kina cha kiganja. Chini ya mteremko tafuteni ardhi iliyovimba kama mkate unaoumuka, chemchemi mpya mahali palipokuwa pakavu, maji ya chemchemi ya zamani yaliyobadilika kuwa ya tope, na miti iliyoegemeana ovyo kama walevi. Mti uliopinda chini kisha ukanyooka juu una habari ya polepole: udongo umekuwa ukitambaa kwa miaka. Huo haunitishi sana. Mti mzima ulionyooka lakini umelala upande, mizizi imekatika juzi, huo unanitisha.

Ukikuta ufa na unataka kujua kama uko hai, chomeka vijiti viwili, kimoja kila upande, mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Funga uzi kutoka kijiti hadi kijiti ukaze kabisa, ukatwe kwa kipimo hicho. Rudi baada ya saa moja. Uzi ukiwa umekatika au umevuta kijiti, au umbali umeongezeka hata kwa milimita chache, mlima unatembea. Ondokeni nyote, walio juu yake na walio chini yake. Kazi hii ya vijiti na uzi ndiyo ileile inayofanywa na vyombo vya gharama kubwa. Huko Blatten, Uswisi, mlima ulipimwa, wakazi wapatao 300 wakahamishwa Mei 19, 2025, na siku tisa baadaye barafu na mwamba vikafunika karibu kijiji kizima.

Kupita chini ya jabali na kuvuka korongo

Saa ina maana kubwa. Milimani panapoganda usiku, maji yaliyoingia kwenye nyufa hutanuka kwa karibu asilimia 9 yanapogeuka barafu, yakasukuma mwamba, kisha barafu hiyohiyo ikawa gundi inayoushikilia hadi asubuhi. Jua likigusa jabali, gundi inayeyuka. Kwa hiyo saa mbaya si usiku wa baridi. Ni ile asubuhi nzuri, jua linapopiga ukuta, wakati kila mtu anatoa kamera. Vukeni alfajiri, kabla jabali halijapata jua. Kwenye njia ya Western Breach ya Kilimanjaro, Januari 4, 2006, mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu yaliachia na kuua wapandaji watatu. Njia ikafungwa kwa muda. Pasipo na baridi kali, adui wakubwa ni mvua kubwa na upepo unaotikisa miti iliyoota kwenye nyufa. Wanyama na watu walio juu yenu nao huangusha mawe. Mkiona kundi jingine juu, subirini lipite.

Kabla ya kuingia, simameni mahali salama dakika 10 kamili, kimya, mkisikiliza. Jiwe moja likishuka ndani ya muda huo, lichukueni kuwa taarifa. Watu hupenda kuamini kwamba likishashuka limekwisha. Kumbe jiwe likitoka huacha majirani zake bila egemeo. Septemba 27, 2017, bamba la mwamba lilianguka kutoka jabali la El Capitan, kulekule Yosemite, na kuua mtu. Kesho yake likaanguka jingine kubwa zaidi palepale.

Jinsi ya kuvuka inategemea upana. Korongo au mkondo mwembamba wa mawe, wa hatua 20 au 30: mmoja mmoja. Mtu mmoja asimame pembeni, nje ya njia ya mawe, mahali anapoona jabali na anayevuka pia, na kazi yake iwe kutazama juu tu. Kwa watu 12, dakika moja kila mtu, ni dakika 12. Wanaosubiri wasubiri mahali salama, si mdomoni mwa korongo. Kipande kirefu cha mita 300 chini ya ukuta hakivukiki mmoja mmoja, mtakesha. Hapo achaneni mita 15 hadi 20, tembeeni bila kusimama, ili jiwe moja lisipate watu wawili. Kamba za viatu zifungwe kabla. Maji yanywewe kabla. Vipokea sauti vya masikioni vitolewe. Njia ikipanda moja kwa moja kwenye mteremko wa mawe legevu mambo yanageuka: aidha mkaribiane kabisa, urefu wa mkono, ili jiwe likitoka chini ya kiatu cha wa mbele likamatwe kabla halijapata mwendo, au mpande kwa kukata upande, asiwepo mtu chini ya mwenzake. Kinachoumiza ni ule umbali wa katikati, mita 8 au 10 moja kwa moja chini ya mwenzako.

Mkishika mwamba, ugonge kwanza kwa ngumi. Uliokaza hutoa mlio mkavu. Ulioachia hulia kama debe tupu. Usivute kuelekea kifuani, sukuma kuelekea chini.

Kofia ngumu: nunueni au kodini za kupandia milima, zenye alama ya EN 12492, kiwango cha Ulaya cha kofia hizo. Kipimo chake cha juu ni uzito wa kilo 5 unaodondoshwa kutoka mita 2, yaani nguvu ya jouli 100 hivi. Hiyo ni sawa na jiwe la nusu kilo kutoka mita 20. La kilo 5 kutoka urefu huo lina mara kumi ya hapo, na hakuna kofia itakayolizuia, kwa hiyo msiigeuze ruhusa ya kukaa chini ya ukuta. Kofia ya mjenzi haifai ingawa ni ngumu: ukanda wake wa kidevu umetengenezwa uachie kwa nguvu ndogo ili mtu asinyongwe akinaswa, na mlimani itaruka kichwani kabla ya jiwe la pili. Ya baiskeli imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanguka, na matundu yake ni mapana. Ivaliwe vidole viwili juu ya nyusi, ukanda umekaza. Ikishapigwa sawasawa, itupwe hata kama haina ufa unaoonekana.

Sasa tukimbilie wapi

Jibu fupi: pembeni na juu, kamwe si chini kufuata bonde. Tope na kifusi vina njia yake, na mara nyingi njia hiyo si pana. Hatua 30 za kukata upande hadi kwenye mgongo wa ardhi zina thamani kuliko mita 300 za kuteremka. Lakini jibu hilo ni la jumla mno, halitamsaidia mtu aliyeamshwa usiku. Kwa hiyo kila mnapokaa zaidi ya dakika 10, kiongozi aseme "wapi?", na kila mmoja anyooshe kidole kuelekea atakapokimbilia. Vidole vikielekea pande tofauti, rekebisheni papo hapo. Kambini, njia hiyo itembewe mara moja mchana na mara moja kwa tochi.

Korongoni, masikio huwahi kuliko macho. Mngurumo kama wa treni inayokaribia, miti inayopasuka, mawe yanayogongana ndani ya maji: ondokeni bila kuthibitisha. Kijito kikigeuka tope ghafla, au, na hili ndilo hudanganya wengi, maji yakipungua ghafla mvua ikiendelea, kuna kitu kimeziba juu na kinajaa nyuma yake. Acheni hema, acheni sufuria. Msivuke kijito wala kivuko kwenda ng'ambo iliyo bora zaidi. Tope huja kwa mawimbi. La kwanza likipita, baki ulipo.

Kwa mawe, anayeona kwanza apige kelele "Jiwe!" na arudie hadi litulie, hata kama ni kokoto. Ukiwa umeegemea ukuta au karibu nao, usiinue uso. Jibane kwenye mwamba, chini ya ukingo uliochomoza kama upo, pandisha begi lifunike shingo, mikono iwe ndani. Ukiwa mbali na ukuta, kwenye mteremko wa wazi, fanya kinyume: tazama juu. Jiwe linalodunda hubadili njia kila linapogusa ardhi, anayekimbia mapema hukimbilia lilipo. Jikinge nyuma ya mwamba mkubwa uliozama ardhini au shina nene, ujikunje. Pasipo na kinga, lingojee lidunde mara ya mwisho mbele yako, kisha ruka upande. Na kama ardhi yenyewe inakubeba na hakuna pa kwenda, jikunje uwe mpira, mikono ifunike kichwa na shingo, viwiko viache nafasi mbele ya mdomo na pua.

Vikishatulia, hesabuni watu mkiwa mmesimama nje ya njia ya kifusi. Hamu ya kurukia kifusi kumtoa mwenzenu ni kubwa, na ndipo poromoko la pili huwakuta waokoaji. Mtu mmoja atazame mlima, wachache waingie, njia ya kutoka ikijulikana. Aliyefukiwa safisheni mdomo na pua kwanza, kisha kifua kipate nafasi ya kutanuka. Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizwe. Aliyebanwa mguu au mkono na jiwe, andikeni saa alipobanwa na mwambieni mwokoaji, kwa sababu misuli iliyobanwa muda mrefu humwaga sumu mwilini ikiachiwa, na matibabu yanategemea muda huo. Aliyepigwa kichwani asiachwe peke yake hata akisema yuko sawa: akitapika, akichanganyikiwa au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, huyo anahitaji kuteremshwa hospitali sasa. Nambari 112 hufanya kazi katika nchi nyingi; hakikisheni ya mnakokwenda kabla ya kuondoka. Pasipo na mtandao, filimbi: milio 6 ndani ya dakika moja, kimya dakika moja, rudia. Milio 3 ni jibu kwamba mmesikika.

Kwa safari yako basi: siku ya kwanza fika kwenye uwanda ule kabla ya saa 9 alasiri, ili ukishindwa kipimo cha ngumi mbili na vidole viwili, au ukikuta ni mdomo wa korongo, mbaki na mwanga wa kutosha kusonga mbele au kurudi. Chagueni mapema, mkiwa nyumbani na ramani, mahali pengine pawili pa kulala. Na mnapovuka kila korongo kwenda, piga picha moja kutoka upande mliotokea na nyingine kutoka ng'ambo, mawe makubwa yakionekana. Siku ya tatu, kabla ya kulivuka kurudi, simama pale ulipopigia picha ile ya ng'ambo, ifungue kwenye simu, uhesabu mawe.